Mikono ya Panya Buku

Panya buku alisimama kwa miguu ya nyuma, akakishika kijiti kinachofunga sanduku langu la mbegu kwa mikono miwili, akakivuta kwa meno. Kilipokwama alikizungusha kidogo, akavuta tena, kikachomoka. Akasukuma kifuniko kwa kichwa, akazama ndani na kutoka mashavu yamemvimba kwa maharage. Jua la jioni lilikuwa bado mlangoni. Niliona aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyenifuma mimi.

Mwaka ule wa 2012 nilikuwa mwalimu wa baiolojia Kasulu, mtu wa Tarime niliyepangiwa huko. Wiki tatu kabla, mbegu zilipoanza kupungua, nilimwita Esteri. Alikuwa mkimbizi wa kambi ya Mtabila, na kwa miaka miwili alinisaidia shambani na jikoni. Kambi ilikuwa inafungwa. Aliogopa kurudi Burundi, nami nilikuwa nimemwahidi barua ya kumtetea.

“Ni imbeba inafungua, mwalimu,” alisema, akinionyesha kwa vidole vyake. “Ina mikono.”

Nikacheka. Mimi na shahada yangu, nifundishwe habari za panya!

“Panya anatafuna, Esteri, hafungui. Na akishafungua, nani anamfungia? Kila siku nalikuta limefungwa.”

Nikamwita mwizi, nikamwambia barua asahau. Akamalizia kuosha sufuria, akaenda zake.

Sasa sanduku lilikuwa wazi mbele yangu. Niliinuka, na kabla sijawaza lolote mkono wangu ulikwisha kushusha kifuniko na kurudisha kijiti. Nikaukodolea macho. Ndivyo nilivyofanya kila asubuhi, nikikimbilia kipindi cha kwanza? Nilijaribu kukumbuka, kichwa kikagoma. Hata leo siwezi kuapa.

Kesho yake nilipanda bodaboda hadi Mtabila. Nyumba nyingi zilikwisha kubomolewa, na watu walikuwa wakipandishwa kwenye malori na magodoro yao. Chini ya turubai alikaa karani mwenye orodha. Nilimwambia namtafuta Esteri, asiondoke, barua yake nitaiandika hapohapo.

Karani alifunua kurasa mbili, tatu.

“Akina Esteri ni wengi, mama. Wako anaitwa Esteri nani?”

Nilifungua mdomo. Miaka miwili tulikula sahani moja, na sikuwahi kumuuliza.