Kompyuta ya Abner

Mwanangu Abner alipofariki, kompyuta yake iliendelea kufanya kazi. Tulimzika huku inanguruma ndani ya nyumba yake kama mtu ambaye hajapewa habari.

Aliiita nodi. Alinieleza siku moja tukichuma majani chai. Sarafu za mtandaoni hazina benki, alisema. Kila malipo hutunzwa katika kompyuta nyingi duniani, na kila moja hukagua kwamba hakuna mjanja anayetumia sarafu moja mara mbili. Moja ya kompyuta hizo ilikuwa yake, hapa Gesima.

"Wanakulipa?"

"Hapana, Tata."

"Sasa wewe ni punda wa nani?"

Akacheka. "Mti wa mpaka ukipandwa, majirani huitwa waone. Wanalipwa?"

"Wanapewa chai."

"Mimi hata hiyo chai sipati. Lakini nimeona."

Lori liligonga pikipiki yake kwenye mteremko wa Manga. Matangani ndugu yangu Ochoki alinivuta kando, akaninong'oneza kwamba ndani ya kompyuta ile kuna mamilioni.

"Hakuna kitu humo," nikamwambia.

"Basi mbona huizimi?"

 Ndicho kitu pekee cha Abner kilichokuwa bado kazini. Jioni nilikaa nje ya ukuta nikiisikiliza. Nje, kwa sababu kwetu baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, na kifo hakifuti mwiko huo. Ndani alibaki mkewe, Sheila. Kaka yake alikuwa amempatia chumba cha biashara sokoni Nyakoe, lakini kila wiki aliahirisha safari.

"Nikienda, Tata, nani ataiunganisha kwenye betri umeme ukipotea?"

Nilipaswa kumwambia aende. Nilimnunulia tokeni za umeme.

Kisha ikaja mvua ya mawe, radi ikapiga transfoma. Betri ya gari aliyoiacha Abner ilishikilia mpaka asubuhi, ikaisha. Umeme uliporudi, Sheila aliwasha kompyuta, nayo ikadai neno la siri. Alijaribu jina lake, jina langu, la marehemu mke wangu. Mimi nilisimama mlangoni nikimtajia majina ya ng'ombe wetu wote, hata waliokwisha kufa. Ikakataa.

Nikamwita Otiende, fundi wa kompyuta mjini Kisii, mtu wa ziwani.

"Ingia, mzee, uone," alisema kutoka ndani.

"Siingii."

"Najua. Hata kwetu baba haingii. Lakini sisi huchungulia dirishani."

"Na macho yakipofuka?"

"Kwani mtu hutumia yote mawili?"

Sheila alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi. Lakini Otiende alipotoka, hakuwa na mzaha tena.

"Abner aliifunga vizuri mno. Bila lile neno, haifunguki. Naweza kufuta kila kitu, Sheila akaitumia kuchapia watu kazi zao huko Nyakoe. Au niweke nodi nyingine humu, ianze upya."

"Itakuwa ya Abner?"

"Itakuwa nodi, mzee."

"Na hao wenzake duniani, waliuliza yake imekwenda wapi?"

"Hawaulizi. Moja ikizimika, zingine zinaendelea kuongea. Hakuna kilichopotea."

Mafundi wote niliowahi kuwajua ni waongo. Siku ile nilimhitaji mmoja anidanganye, nikampata huyu.

Sheila akasimama kizingitini. "Tata, usimwambie afute. Nitakaa nayo. Labda tutalikumbuka hilo neno."

Alikuwa amekonda hata pete ilikuwa ikimtoka. Binti wa watu, bado kijana, ananiomba ruhusa ya kuzeeka akilinda sanduku.

"Futa," nikamwambia Otiende.

"Una hakika, mzee?"

"Usiniulize tena. Nitabadilisha jibu."

Akarudi ndani. Sheila akaketi sakafuni karibu na mlango, akalia kwa sauti, na hapakuwa na mwanamke mwingine pale nyumbani wa kumshika. Mimi nikaketi chini upande wangu wa ukuta. Sikuweza kumfikia. Otiende alipotoka na kusema imekwisha, nilimwambia Sheila afungashe nguo zake, aondoke kwenda Nyakoe kabla mvua ya mchana haijaharibu barabara.