Kericho Ilimwitikia Nani

Mzee Kipkemboi hakuwa na meno ya mbele, hakuwa na cheti ila kile cha ngumbaru, hakuwa na redio ya kushika vizuri, na tangu Krismasi ya 1995 hakuwa na Gekara, aliyesoma naye dawati moja usiku na kuchuma naye chai mchana.

Waligombania jina la mji.

"Kericho ni dawa," alisema Kipkemboi. "Sisi Wakipsigis dawa tunaiita kerichek. Mganga wetu aliishi pale."

"Dawa ya nini?" alijibu Gekara. "Ole Kericho alikuwa mkubwa wa Wamasai. Babu zangu Wagusii walimmaliza pale pale. Sisi tulimuua mwenye jina, nyinyi mkabaki kuchemsha mizizi!"

"Mgusii ataua nani, na ndizi mkononi?"

Gekara alivaa kofia. "Usiniandikie mpaka upate ukweli, profesa." Akastaafu, akaenda zake Nyamira.

Kipkemboi akautafuta huo ukweli. Mzee wa Kapkatet alimwapia kuwa ni dawa. Mmasai mnunuzi wa ng'ombe, sokoni Bomet, alimwapia kuwa ni mtu, tena wa ukoo wake. Alirudi nyumbani kichwa kikivuma kama kinu cha posho.

Alikuta mjukuu anapewa jina. Wanawake walikuwa ndani, naye akasikiliza nje ya mlango, akiomba mtoto apate jina la marehemu baba yake. Mkewe Phyllis alimtia mtoto tumbako puani, wakaanza kuita mababu. Babu atakayeitwa mtoto akapiga chafya, ndiye aliyerudi ndani ya mtoto. Wakamwita babake Kipkemboi. Kimya. Wakamwita babu wa upande wa mama. Chafya!

"Hiyo ni tumbako tu!" Kipkemboi alifoka. "Mwiteni baba tena!"

Wakamwita. Chafya nyingine.

"Ameitikia wote wawili," alisema Phyllis.

"Mtoto mmoja atakuwaje watu wawili?"

"Utuambie wewe uliyesoma."

Kipkemboi alikwenda mezani. Alichukua kalamu.

"Ndugu Gekara, ukweli sijaupata. Nikiuita mji dawa, unaitika. Mmasai akiuita mtu, unaitika. Sielewi. Jumamosi kutakuwa na maziwa ya mursik. Njoo tusielewe pamoja."

Alitaka kulifuta lile "sielewi". Akaliacha. Akalamba bahasha, akaifunga, na nyuma yake, mahali pa anwani ya mtumaji, akaandika Kericho tu, bila kusema ni dawa au ni mtu. Kisha akaitumbukiza posta.