Shangazi Tokie na Kundi B

Shangazi Tokie, dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea, na sina ndugu mwingine. Nampenda, lakini jamani, ana mdomo! Mgeni akiingia, hata chai haijamiminwa, ameshaulizwa: "Wewe damu kundi gani?"

Hapa Otaru, mji wetu wa Japani, swali hilo halimshangazi mtu, maana watu husema damu ndiyo tabia. Wenye A ni nadhifu, wenye O wana roho kubwa, wenye AB hawaeleweki, na wenye B, kwa Shangazi, ni wabinafsi wasio na haya. Yeye ni A, na ukibisha anakuonyesha duka lake la achari, mitungi imenyooka kama wanajeshi.

Sasa mimi, kwa bahati yangu, nikampenda Kengo, na Kengo ni B.

Nilipompeleka kujitambulisha alikula figili zote za sahani, akasifu, akaomba nyingine. Shangazi akanivuta jikoni. "Misuzu, B ni mtu wa kucheka naye, si wa kuolewa naye."

"Shangazi, kwani damu ndiyo itakayonipikia?"

"Haya, jifanye mjuaji! Olewa naye, ila harusini usinitafute."

Niolewe bila Shangazi? Siwezi. Nikalia, nikamnunia, nikambembeleza. Wapi! Alikuwa jiwe.

Majira ya baridi yakaja, Shangazi akateleza kwenye barafu mbele ya duka na kuvunjika nyonga. Hospitali wakasema atapasuliwa kesho yake, na lazima damu ya kumwongezea iwe tayari. Muuguzi Orimoto akamtoa damu ya kupima, akaondoka, akarudi na sindano nyingine.

"Mama, naomba tena kidogo."

"Ile ya kwanza mmeinywa?"

Aliporudi mara ya pili alivuta kiti kabisa. "Mama Tokie, umetuambia wewe ni A. Tumepima damu zote mbili, kila moja imepimwa na mtu tofauti. Wewe ni B."

"Nani? Mimi? Shika adabu yako, binti! Nilipimwa shuleni. Darasa zima tulipanga foleni, tukatobolewa masikio."

"Labda tone lako lilibadilishana na la mwenzako hukohuko kwenye foleni."

"Basi nitieni hiyohiyo A, nimeshaizoea."

Muuguzi hakucheka. "Tukikutia A, mwili wako utaishambulia kama adui. Figo zitakufa, na wewe utazifuata. Mtu wa B tunampa B, na ikibidi O. Ndiyo maana hatupokei neno la mdomoni, hata likitoka kwa mtu mzima kama wewe."

Mimi huku nimejiziba mdomo kwa skafu, mbavu sina! Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nikatoka mbio kumpigia simu Kengo. Akasema, "Mwambie karibu nyumbani kwetu sisi B."

Nikarudi na utani wangu mkononi. "Enhe, Shangazi, wabinafsi hamjambo?"

Alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanatikisika. Nikadhani ni nyonga inauma.

"Yasuaki, fundi wa vioo," akasema. "Alikuja kuniposa mara mbili. Alikuwa B."

Nikakaa.

"Nilimpenda, Misuzu. Nilimpenda mpaka chakula hakipiti. Lakini watu walisema A na B hawakai nyumba moja, nami nikajiona nina akili. Nikamfukuza."

"Yuko wapi sasa?"

"Yupo hapahapa mjini. Ana wajukuu. Kila mwaka mpya huja kununua achari kwangu, na mimi humfungia kwenye karatasi kama mteja yeyote."

Aibu ilinishika. Miaka yote nilidhani Shangazi hakuolewa kwa sababu hakutaka. Nikaushika mkono wake, akaniachia niushike, jambo ambalo si kawaida yake.

Baadaye akajifuta uso kwa shuka. "Huyo Kengo yuko wapi?"

"Ameshafika, yuko chini. Anaogopa kupanda."

"Mwite, kabla hawajanipeleka kupasuliwa. Nikifia humo ndani msije mkasema sikuwapa baraka."

Kengo akaja, kofia mkononi, akainama mpaka nikadhani ataanguka. Shangazi akamwashiria asogee kitandani.

"Muoe, mwanangu," akamwambia. "Wangu mimi nilimpoteza kwa damu ya mtu mwingine."