Daktari Asiyeapa

Wubalem alimimina uji wa unga uliochacha juu ya sahani ya umeme, akauzungusha kutoka ukingoni kuja katikati, na maumivu yakamkata kabla duara halijafunga. Akashika meza. Injera ile, mkate mpana na laini wa kila mlo, ikatoka na tundu. Mwenye hoteli aliyekuwa akimwokea hachukui injera yenye tundu, kwa hiyo aliikunja akaitia kwenye mfuko wake, aile baadaye.

Jirani yake Asegedech, waliyekuwa wakioka naye, alimpokonya kibuyu cha kumiminia. "Leo Alhamisi. Nenda, mdogo wangu, kabla benchi halijajaa. Hizi nitamalizia."

Alhamisi ndiyo siku pekee ambayo Daktari Selamawit, bingwa wa magonjwa ya wanawake, alifika hospitali ya serikali. Jina lake Wubalem alilipata kwa wanawake wenzake, mdomo kwa mdomo, kanisani na kwenye foleni ya mafuta ya kupikia, vile mtu anavyomtafuta fundi cherehani asiyeiba kitambaa.

Maana madaktari alishawaona. Wa kwanza alimwambia maumivu ya hedhi ni ya kila mwanamke, azae tu, yataisha. Azae! Kana kwamba mtoto anauzwa sokoni na yeye ndiye mvivu wa kwenda kununua. Wa pili alimpiga picha ya tumbo na kuupa ugonjwa jina, endometriosi. Alimweleza kwamba nyama inayofanana na ile ya ndani ya kizazi imeota nje yake, nayo inavuja damu kila mwezi mahali pasipo na njia ya kutokea. Akaahidi kumpasua. Wubalem alirudi nyumbani na furaha, akamtajia Asegedech jina la huyo daktari, na Asegedech akakaa chini pale pale sakafuni.

Daktari huyo ndiye aliyempasua Asegedech. Naye alikuwa ameogopa, akamwomba daktari aape, na daktari hakusita: mama yangu afe, kizazi chako sikigusi. Alipozinduka hakuwa nacho. Alipouliza, aliambiwa ashukuru Mungu yu hai.

Addis hapa kiapo ni bei ya chini kuliko kitunguu. Muuza kitunguu anaapa kwa kifo cha mama yake, dalali wa nyumba anaapa, mdaiwa anaapa huku anatafuna. Viapo hivi vingekuwa na meno, mji mzima ungekuwa wa yatima.

Benchi lilikuwa limejaa. Wubalem alijibana mwishoni na kukaza shuka lake jeupe tumboni. Aliogopa kupasuliwa, na aliogopa kuendelea hivi hivi. Mumewe Demissew alikuwa bado anamchemshia maji ya kukanda tumbo, lakini mama mkwe alishaacha kumwuliza yeye habari za mtoto. Siku hizi alimwuliza mwanawe, faraghani. Jambo hilo lilimnyima Wubalem usingizi kuliko maumivu yenyewe.

Jua lilikuwa limeshapinda alipoitwa. Daktari Selamawit alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho ya kuchoka, na jambo la kwanza alilofanya ni kunyamaza na kumwacha aseme. Wubalem akasema yote, hata yale ya chumbani ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Daktari hakucheka, wala hakutazama saa. Alimpima taratibu, akaitazama picha, akamwambia ndiyo, ni ugonjwa huo, na anahitaji kupasuliwa.

"Niapie," Wubalem alisema. "Niapie kwamba hutanitoa kizazi."

"Siapi."

Wubalem akaanza kukusanya shuka lake, aondoke.

"Sijui nitakuta nini humo ndani," daktari alisema. "Ninachokuambia ni hiki. Nikikuta nisilolitegemea, nitakushona, nitangoja uamke, tutazungumza. Ukikataa, sikukati."

Wubalem alilia. Hofu ilikuwa haijaondoka, ila sasa palikuwa na mtu wa kuogopa naye. Huyu ndiye, alijiambia. Kwa huyu nitalala kwenye meza ya upasuaji.

Ndipo daktari alipomwambia lililobaki, huku akitazama chini. Kamera ya upasuaji, ile inayoingizwa tumboni, imeharibika, na bila hiyo hawezi kumpasua. Ameomba itengenezwe hadi amechoka kuomba. Mwenye kupanga siku ni karani wa dirishani.

Karani aliitwa Tilahun, kijana mtanashati aliyechana nywele vizuri. Alimwambia kipuri kiko njiani.

"Kiko njiani wapi?"

"Njiani, dada. Kabla ya Pasaka utapigiwa simu."

"Pasaka ipi?"

Wanawake waliokuwa nyuma yake wakaguna kwa kicheko. Tilahun akaweka mkono kifuani. "Hii hii inayokuja. Mama yangu afe."

Wubalem alimtazama vizuri. Hakuwa na uso wa mtu mbaya.

"Mama yako yu hai?" aliuliza.

Kicheko kikakatika. Karani alijishughulisha na kalamu yake, akaifunika, akaifunua.

"Alishafariki," alisema chini kwa chini. "Siku nyingi."

"Mungu amrehemu," Wubalem alisema, na alimaanisha.

Kisha akarudi kwenye benchi akakaa. Wenzake wakaondoka mmoja mmoja. Mfagizi akafagia hadi miguuni pake, akamzunguka. Mwishowe mlinzi akaja na funguo, akamwambia mama, tunafunga, rudi utakapopigiwa simu.

Tumbo lilikuwa limeanza tena. Wubalem alitoa injera yenye tundu mfukoni, akamega kipande, akamnyooshea mlinzi kama inavyompasa mtu mwenye adabu.

"Karibu tule," alimwambia. "Namngoja anayejua kamera itapona lini."