Mkamwana Aliyekataa Kunishika

Mimi si mtu wa kukasirika ovyo. Waulize watu wa soko la Migwani ninakouzia ndengu. Watakudanganya, lakini waulize. Sasa niambie, wewe ungefanya nini kama mkamwana wako angekataa kukushika?

Wacha nieleze. Kwetu Ukambani mjukuu akipewa jina lako, basi yeye ni wewe. Mimi ni Nzisa, mtoto ni Nzisa, na mwanangu Jonah humwita "mwaitu", yaani mama yangu, tena kwa heshima zote. Mtoto akibebwa, nimebebwa. Akipakwa mafuta, nang'aa mimi.

Kwa hivyo Kavata, mke wa Jonah, alipoanza kumkwepa mtoto, kila kosa nililiandika kwa jina langu. Kwanza alikataa kumwogesha. "Mama, mwogeshe wewe, mikono yangu ni baridi." Mikono baridi, kwenye joto la Migwani, mwezi wa pili! Halafu nikitoka hata kwenda chooni, ananifuata mlangoni: "Mama, usituache peke yetu." Kisha visu vikapotea jikoni, vyote, na panga pia. Wiki nzima tulikula mboga ya sukuma iliyochanwa kwa vidole. Nikimuuliza visu viko wapi, anainamisha kichwa.

Nikasema moyoni, huyu ananichukia, na kwa kuwa hawezi kuniambia usoni, hasira anazimalizia kwa wajina wangu. Nami mdomo wangu hauna breki. Nilimpiga mafumbo asubuhi na jioni. "Pole, Nzisa mwenzangu," nilimwambia mtoto kwa sauti ya kufika barabarani, "tumeangukia kwa mtu asiyetutaka." Jonah hakuyasikia hayo, anafundisha Kyuso, na huja nyumbani mwisho wa wiki.

Jumatano moja, mtoto ana wiki saba, nikaingia chumbani kwa Kavata bila kubisha, kama kawaida yangu. Nikamkuta anafunga begi. Ndani mlikuwa na nguo zake tu, hata soksi moja ya mtoto haikuwemo.

"Unaenda wapi?"

"Kwa mama, Matiliku. Mtoto abaki na wewe."

"Kavata! Kama unanichukia, sema. Niko hapa, mimi mkubwa, nina masikio. Kwa nini unamwonea mdogo?"

Alinitazama kama mtu asiyejua Kiswahili wala Kikamba. Kisha akalia.

"Nakuchukia? Mama, huyu mtoto nampenda mpaka nashindwa kupumua. Lakini kichwa changu kinanionyesha mambo. Nikifikiria kumwogesha, naona nikimzamisha. Nikiona kisu, naona... siwezi hata kusema. Na sitaki, mama! Namwomba Mungu ayaondoe, yanarudi mara mia. Visu nilivifukia nyuma ya ghala. Bora niende kabla sijamdhuru."

Aiya! Nikakaa juu ya begi. Niliogopa, sitaficha. Na aibu ikanishika, maana wiki zote hizo nilikuwa nimejifikiria mimi tu. Neno "mapepo" lilinifika ulimini, nikalimeza.

"Huendi Matiliku," nikamwambia. "Tunaenda kliniki, sasa hivi, na mtoto nambeba mimi."

Sista Sauda, yule muuguzi wa chanjo, alifunga mlango akamsikiliza Kavata mpaka mwisho bila kushtuka. Akamuuliza kama mawazo hayo yanampendeza. "Yananitisha," Kavata akasema. Akamuuliza kama amewahi kutaka kuyatenda, au kujidhuru mwenyewe. Hapana, na hapana.

"Basi huo ni ugonjwa, unaitwa OCD, mawazo ya kutisha yanayokurudia bila kuyataka," sista akasema. "Huwapata akina mama wakiwa na mimba au wakishajifungua, na wengi hunyamaza wakidhani watanyang'anywa watoto. Unaliogopa wazo hilo kwa sababu hukitaki kitendo. Na unatibika." Akampigia simu daktari wa akili mjini Kitui tukiwa tumekaa pale pale.

Tukawa tunaenda Kitui kila wiki. Daktari alimpa dawa inayokubaliana na kunyonyesha, na mazoezi ya kukikaribia anachokiogopa, kidogo kidogo, bila kukimbia. Visu vikafukuliwa. Mimi nikapewa zoezi gumu kuliko yote: kunyamaza. Kavata akiniuliza mara ya kumi, "Mama, sijamuumiza?" nisimjibu, maana kila jibu linaulisha ugonjwa. Mimi, Nzisa, ninyamaze! Nilikuwa nauma leso.

Baada ya miezi miwili daktari akasema sasa Kavata amwogeshe mtoto peke yake, na nyumbani asiwepo mtu mwingine.

Siku hiyo nilijaza maji kwenye karai, nikayapima kwa kiwiko, nikafunga leso ya kwenda sokoni. Nilikuwa nimejigamba kwa kila mtu kwamba mkamwana wangu amepona. Sasa mguu ukakataa kuvuka kizingiti. Je, kama daktari amekosea? Mtoto ni mimi, sawa, lakini asubuhi hiyo sikujiogopea mimi. Nilimwogopea yeye, na mashavu yake yale. Kavata alisimama na taulo begani akiningoja.

"Haya, mimi naenda," nikasema, nikatoka.

Sokoni nilimmwagia mteja ndengu miguuni badala ya mfukoni. Ndipo simu ikalia.

"Mama, tumemaliza. Alilia, akanilowesha nguo zote, sasa amelala."

"Na yale mawazo?"

"Yalikuja. Nikaendelea kumwogesha."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani yangu Muindi, muuza vitunguu, akageuka kuniangalia.

"Mama," Kavata akasema tena, "pale mlangoni, uliogopa kuniacha naye?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nikauacha.

"Niliogopa sana, mwanangu."

"Na bado ukaenda," akasema.