Mikono Ukutani kwa Mwinshehe

Mwanamkasi alifika uani kwa Mwinshehe jua likiwa kimo cha ukuta. Akaketi juu ya kigoda alichokuja nacho na kutoa kisu chake ndani ya pakacha. Mbele yake paliwekwa ungo wa sandarusi, utomvu mgumu wa miti uliochimbwa ardhini, iliyolowekwa maji ya magadi tangu jana. Kazi ilikuwa kukwangua ganda la juu bila kuharibu vipele vya chini yake, vilivyofanana na ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, kwa kuwa wanunuzi wa Unguja walitaka kuviona. Kisu cha Mwanamkasi kilikuwa kimenolewa miaka sita, kikawa chembamba kama jani la mchaichai. Siku hiyo, kabla ya adhuhuri, kilikatika.

Bendera nyekundu ya Sayyid wa Unguja ilikuwa ingali inapepea forodhani, na desturi ya Bagamoyo ilikuwa moja. Fundi wa milango alikuja na patasi yake, mshonaji na sindano yake, na mwanamke wa sandarusi na kisu chake. Asiyekuwa nacho alirudi nyumbani. Mpaka siku hiyo, aliyebaki kazini bila kisu chake mwenyewe alikuwa Mwaija peke yake.

Mwaija na Mwanamkasi walisoma chuo kimoja cha Kurani na kusukana nywele tangu utotoni. Mwezi uliopita Mwaija alipoteza kisu, na Mwinshehe, mwenye ua ule, akampa kipya cha mpini wa pembe, akitumie mchana na kukirudisha jioni. Jioni Mwaija alipokirudisha, mkono wake wa kulia ulibaki nacho. Ulitoka kwenye kifundo taratibu, bila damu, kama kifuniko kinavyotoka kwenye chungu. Mwinshehe aliutundika msumarini, kisu kikiwa kimeshikwa vilevile, na asubuhi Mwaija alikuja kuuchukua. Ikawa hivyo kila siku. Nyumbani kwa mumewe alikula kwa mkono wa kushoto, na mama mkwe wake aligeuza uso mpaka sinia iondolewe.

Mwanamkasi hakuuonea huruma mkono. Alikionea wivu kisu. Alipomaliza ungo mmoja, Mwaija alikuwa kwenye wa pili. Mwaija alipocheka, Mwanamkasi alidhani anachekwa yeye. Siku moja aliwaambia wanawake waliotoka Mbegani kwamba kisu cha namna ile mwanamume hakitoi bure, wakaelewa alichotaka waelewe.

Sasa, chake kikiwa vipande viwili mapajani, alisema kwa sauti ambayo hakuzoea kuitumia mbele za watu.

"Sandarusi ni yake, ua ni wake, kazi ni yake. Kisu nacho kiwe chake."

Wengine walimwunga mkono. Wengine walisema mtu mwenye kisu chake huondoka nacho popote atakapo. Bi Adija, aliyezaliwa utumwani katika shamba moja upande wa Kerege na kujikomboa akiwa na mvi, hakuacha kukwangua.

"Mimi jembe nilipewa, mwanangu. Na kikapu nilipewa. Hiki kisu ndicho kitu cha kwanza nilichonunua."

"Wewe unacho, bibi," Mwanamkasi alijibu. "Ndiyo maana una maneno."

Mwinshehe hakuwa mtu mkali. Aliposikia, aliingia ndani akatoka na kisu kingine cha mpini wa pembe, akisema kwake hakuna atakayerudishwa kwa kukosa chombo. Mwanamkasi alikumbuka kwamba Mwaija alipokea chake kwa mkono mmoja, ungo ukiwa katika ule mwingine. Alitaka Mwinshehe aone tofauti. Akapiga magoti, akakipokea kwa mikono miwili, kama mtu aliyefunzwa kwao anavyopokea kitu kwa mkubwa wake.

"Umelelewa," Mwinshehe alisema.

Mwaija alifungua kinywa, kisha akakifunga.

Siku hiyo Mwanamkasi alimaliza nyungo tatu. Jioni alipokirudisha kisu, mikono yake yote miwili ilibaki nacho. Mwinshehe aliitundika pamoja, akamtakia usiku mwema. Kwao, mama yake alitazama ncha za mikono, akavuta sahani ya wali karibu na kumlisha. Aliuliza jambo moja tu, nani atamalizia mkeka. Mwanamkasi alikuwa akisuka ukili kila jioni kwa ajili ya mkeka wa harusi yake, na harusi ilipangwa mwezi wa Mfungo Tatu. Mkeka uliviringishwa na kusimamishwa pembeni.

Asubuhi alimvuta Mwaija kando ya kisima.

"Kwa nini hukuniambia, shoga?"

"Uliwaambia watu wa Mbegani habari zangu," Mwaija alisema. "Nikajua unajua yote."

Mfungo Tatu ulifika, na familia ya bwana harusi ikasema itasubiri mwaka mwingine, kwa kuwa bibi harusi haingii na nusu mkeka. Mwinshehe naye aligundua kwamba mikono iliyoshika kisu hailali. Akaanza kuiwekea nyungo chini ya misumari. Asubuhi Mwanamkasi alipoivaa mikono yake, vidole vilikuwa vimekakamaa na vinanuka magadi, na sandarusi iliyokwanguliwa usiku ilikuwa imekwisha fungwa magunia. Mwanamke mmoja aliuliza ile ni kazi ya nani, na ujira wake ni wa nani. Mwinshehe alimjibu kwa upole kwamba kisu ni chake, na kwamba mtu akipenda aje na cha kwake.

Ila wenye visu vyao walikuwa wakipewa makombo ya sandarusi sasa, kisha hata makombo hayakubaki. Bi Adija alikaa siku mbili mbele ya ungo mtupu. Siku ya tatu alifunga kisu chake katika kaniki, akashika njia ya Mbegani, asirudi tena.

Siku moja Mwanamkasi alichelewa kuondoka, akaona kwamba mkono wa Mwaija hutundikwa kwenye msumari wa karibu na mlango, penye upepo, na kwamba chini yake ungo ni mdogo. Ndiyo maana vidole vya Mwaija asubuhi vilikuwa laini. Hakulala. Kulipokucha alimwendea Mwinshehe.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, mwanangu."

Akasema ana ombi. Mwaija alimtazama kama walivyokuwa wakitazamana zamani, akasogea nyuma yake kidogo, tayari kumwunga mkono.

"Mkono wa Mwaija ni mmoja, na amepewa msumari wa mlangoni," Mwanamkasi alisema. "Yangu ni miwili."

Mwinshehe alifikiri, akaona Mwanamkasi ana haki, akampa msumari wa mlangoni. Jioni ile Mwaija aliutundika mwenyewe mkono wake kwenye msumari wa ndani, kwa mkono wa kushoto.