Tangi la Nyundo

Asubuhi ile ya maonyesho fundi alilifuta tangi la pikipiki mara tatu, na mara zote tatu alikwepa kujitazama humo, maana liling'aa kama kioo. Fremu aliikata na kuichomelea mwenyewe. Ekzosi aliikunja mwenyewe. Kiti alikishona mwenyewe hadi vidole vikachubuka. Tangi tu ndilo halikuwa lake. Hilo lilifuliwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, waliyemwita Nyundo, kutoka kwenye bati la alumini la ubavu wa lori bovu. Miezi miwili Nyundo alikaa nyuma ya jiko lake akiligonga taratibu juu ya mguu wa suruali kuukuu uliojazwa mchanga, mpaka mke wa fundi akawa anatania kwamba kwa kaka yake sabuni inaisha kama inaliwa.

Lakini kwenye kadi iliyoning'inia usukani, fundi alikuwa ameandika: "Kazi ya mtu mmoja, mwanzo hadi mwisho." Katika mashindano ya siku hiyo, kundi la kazi ya mtu mmoja lilikuwa na pikipiki tano tu. Kundi la karakana lilikuwa na ishirini na saba, na mle angemezwa. Aliandika harakaharaka, bila kukaa.

Saa nne Nyundo akatokea, shati limepigwa pasi, viatu ni vile vya kuendea harusi.

"Shemeji, leo unakwenda kuposa?" fundi akatania, ila sauti haikutoka sawasawa.

"Nimekuja kumwona mwanangu." Nyundo akaligonga tangi kidogo kwa kifundo cha kidole, akasikiliza mlio wake, akaridhika. Kisha akaisogelea kadi, akakunja uso. "Miwani nimeisahau nyumbani. Hebu nisomee, wameandika nini?"

Fundi akaikodolea kadi macho. "Wameandika... fremu, fundi. Tangi, Nyundo."

"Hivyo hivyo, Nyundo?"

"Hivyo hivyo."

Nyundo akacheka chinichini, akaipapasa kadi kwa kidole gumba, mstari hadi mstari. Fundi akaona heri angetukanwa.

Punde akaja mwamuzi, mama wa makamo mwenye ovaroli safi, naye mwenyewe ni fundi wa bodi za magari. Akapitisha kiganja juu ya tangi, akarudia.

"Huu mgongo hauna kiungo. Bati kama hili hupasuka ukilikunja hivi. Ulifanyaje?"

Fundi naye akaupapasa ule mgongo. Miezi miwili yote hakuuliza hata siku moja.

"Sabuni," Nyundo akadakia kutoka nyuma. "Unalipaka sabuni, unalipasha moto. Sabuni ikigeuka nyeusi, ujue limelainika. Ukizubaa kidogo, limeyeyuka. Mimi nimeyeyusha mawili."

Mwamuzi akamtazama, akaitazama kadi. "Na wewe mzee ni nani?"

Nyundo akamgeukia fundi ili yeye ndiye amjibie. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, jasho likimtiririka shingoni. Nyundo akaitazama kadi tena, kwa muda mrefu zaidi, kisha uso ukamshuka.

"Mimi ni shemeji yake tu," akasema. "Nimekuja kumfutia vumbi." Akachukua kitambaa, akaanza kufuta kweli, palepale palipokwisha futwa.

Mwamuzi akainua kalamu.

"Mama, ngoja," fundi akasema. "Tangi si langu. Amelifua huyu, lote. Kadi hiyo nimeandika uongo."

Mwamuzi akakata mstari kwenye daftari lake. "Basi kundi hili umetoka. Na kule kwa karakana wameshamaliza kupima." Akalishika tangi mara ya mwisho, akatikisa kichwa. "Kazi kama hii, na leo haipimwi popote."

Alipoondoka, Nyundo alikuwa bado anafuta.

"Nimekukosea, shemeji."

"Ungeandika jina lako peke yako nikajua, ningenuna wiki moja, yakaisha," Nyundo akasema bila kugeuka. "Lakini ulinisomea. Ulinisomea vizuri, mpaka nikaliona jina langu."

Fundi akaigeuza kadi upande mweupe, akachuchumaa, safari hii akaandika polepole, herufi kubwakubwa. Akaining'iniza. Akakohoa, akitaka kusoma.

"Usinisomee," Nyundo akasema. "Dada yangu anakuja saa sita. Atanisomea yeye."

Akakikunja kitambaa, akakaa kwenye kreti kando ya pikipiki, macho getini.